Kulifufua Jengo la Kale Dodoma Liwe Nyumba ya Wageni: Maswali Tunayoulizwa Mara kwa Mara

Tangu tufungue milango, haipiti wiki bila mtu kusimama barazani, kugonga ukuta kwa kidole na kuuliza. Wengine wamerithi nyumba ya babu huku Mpwapwa au Kondoa, wengine wana duka la zamani mjini na hawajui walifanyie nini. Jengo letu liko Uhindini: duka la mawe la enzi za Mwingereza, lina baraza mbele na ua nyuma, na leo lina vyumba 8 vya wageni. Majibu haya yametoka humo, na kwenye makosa tuliyoyafanya humo.

Nimepata jengo la kale. Nianzie wapi?

Subiri mvua. Jengo lipitie msimu mmoja wa mvua mkononi mwako kabla hujamwita fundi. Dodoma tuna msimu mmoja tu, kati ya Desemba na Aprili, na nje ya hapo ni ukavu mtupu. Wakati wa kiangazi kila jengo hapa linaonekana zima. Ukuta uliooza ndani unakuwa mkavu kwa nje, rangi inashika, dari halina doa, na muuzaji anakuonyesha kila chumba kwa kujiamini.

Mvua ikinyesha, ingia humo na tochi, chaki na daftari. Panapodondoka tone, weka alama sakafuni. Tazama maji ya uani yanakimbilia wapi. Halafu angalia kuta moja moja: upi unalowa kutoka juu kushuka chini, na upi unalowa kutoka chini kupanda juu? Ukilowa kutoka juu, tatizo ni paa au mfereji, na dawa yake ni rahisi. Ukilowa kutoka chini, ardhi ndiyo inayonyweshwa na ukuta unafyonza kama utambi wa taa. Hilo ni jambo jingine kabisa.

Sisi tulinunua Agosti, tukaanza kazi Septemba. Tulichokitengeneza Septemba tulikibomoa mwaka uliofuata.

Jengo langu lilijengwa na Wajerumani. Sheria inaniruhusu kuligusa?

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, pamoja na marekebisho yake ya 1979, inalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1886. Sasa kumbuka kwamba reli ya kati ilifika Dodoma 1910. Mji huu kwa sehemu kubwa umezaliwa na reli hiyo. Kwa hiyo majengo mengi ya mawe unayoyaona hapa, hata yale ya Mjerumani, hayaingii kwenye ulinzi huo kwa umri wake peke yake. Yanaingia pale Waziri mwenye dhamana anapoyatangaza kwenye Gazeti la Serikali.

Watu wengi wakisikia hivyo wanafurahi na kuchukua nyundo. Tunakusihi usifanye hivyo. Kwanza hakikisha jengo lako halijatangazwa. Pili, hata kama halijatangazwa, iandikie Idara ya Mambo ya Kale iliyo chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii, ueleze unachokusudia na uambatishe picha. Wataalamu wa kuta za namna hii ni wachache nchini, na huko ndiko pa kuanzia kuwatafuta.

Umiliki wa majengo ya zamani mjini ukoje?

Kagua kabla hujatoa hata shilingi. Majengo yaliyo kando ya reli mara nyingi ni mali ya shirika la reli, na mtu anayekuonyesha funguo huenda ni mpangaji tu. Kwa viwanja vya mjini kuna historia nyingine: kwa miaka mingi ardhi ya Dodoma ilikuwa chini ya Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, CDA, iliyoanzishwa 1973 uamuzi wa kuhamishia makao makuu hapa ulipofanywa. CDA ilikuwa ikitoa hati za miaka 33. Ilivunjwa 2017, na kazi zake zikahamia halmashauri, ambayo sasa ni Jiji. Ukiletewa hati ya zamani, angalia ni ya miaka mingapi, imebaki mingapi, na kama imebadilishwa. Fanya upekuzi kwa Msajili wa Hati. Nyumba za urithi nazo zinahitaji barua ya usimamizi wa mirathi kutoka mahakamani, hata kama ndugu wote wanakubaliana mezani.

Vibali ni vingapi?

Vya kutosha kukuchosha usipovipanga. Kiwanja kikiwa cha makazi au biashara ya duka, anza na kubadili matumizi ya ardhi, kisha kibali cha ujenzi kutoka Jiji. Michoro ichorwe na mbunifu majengo aliyesajiliwa, mkandarasi awe amesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Waulize NEMC, baraza la taifa la mazingira, kama mradi wako unahitaji tathmini ya mazingira. Zimamoto waite mapema, michoro ikiwa bado karatasini. Ukiwaita mwisho watakudai mlango wa dharura mahali ambapo umeshajenga bafu. Leseni ya biashara na ile ya malazi ya utalii zinafuata jengo likikamilika.

Kwa nini mnapiga vita saruji?

Hili ndilo swali tunaloulizwa kuliko yote, na ndilo tuna uchungu nalo.

Ukuta wa kale wa mawe umejengwa kwa udongo au chokaa, na hauna kizuizi cha unyevu chini yake kama nyumba za leo. Maji ya ardhini hupanda kidogo kidogo. Zamani hilo halikuwa tatizo, kwa sababu plasta ya chokaa ina vinyweleo: unyevu unapanda, unatokea usoni, jua na upepo vinaukausha. Ukuta unalowa na kukauka, unalowa na kukauka, miaka mia.

Sasa njoo na saruji. Saruji ni ngumu na haipitishi unyevu vizuri. Maji yakikuta mlango umefungwa hayarudi chini. Yanapanda juu zaidi kutafuta pa kutokea. Na maji ya ardhi ya Dodoma yana chumvi. Yanapokauka nyuma ya plasta, chumvi inabaki na kugeuka fuwele, na fuwele zinapokua zinasukuma kwa nguvu ya ajabu. Zinapasua jiwe laini, zinasaga chokaa ya kati ya mawe iwe unga.

Mkandarasi wetu wa kwanza alipiga saruji kuta zote hadi usawa wa kiuno, akamalizia na rangi ya mafuta. Ilipendeza kweli. Mvua za Januari zilipokuja, ukuta wa mashariki ukaanza kuvimba. Ukiugonga, sauti ilikuwa ya debe tupu. Mzee mmoja fundi kutoka Kikuyu ya hapa hapa mjini, ambaye amejenga kwa mawe tangu ujana wake, alichomeka patasi nyuma ya ile plasta na kuinyanyua. Ilitoka bamba zima, kubwa kama meza. Nyuma yake palikuwa na manyoya meupe, laini kama pamba. Akachota kwa kidole, akalamba, akanipa na mimi nilambe. Chumvi tupu. Chokaa ya kati ya mawe ilikuwa imekuwa vumbi, unaweza kuikwangua kwa ukucha.

Tuliondoa saruji yote kwa mkono, kwa patasi na nyundo ndogo, kwa sababu mashine ya kuvunjia ingetikisa mawe. Kisha tukauacha ukuta wazi miezi 4 ukauke, huku tukifagia chumvi kila inapotokea.

Saruji ina mahali pake. Jengo jipya la uani tumelijenga kwa tofali na saruji kama kawaida. Ila isiguse ukuta wa kale.

Basi chokaa inatumikaje? Mafundi wangu wanaijua ya kupaka tu.

Wengi wanaijua hivyo, lakini ujuzi wake si mgumu kwa fundi mwashi mwenye subira. Sisi tulitumia chokaa ya mifuko inayotoka Tanga. Tuliiloweka kwenye mapipa, maji yakiwa juu yake, tukaifunika wiki 3 hadi ikawa laini kama siagi. Ukipata chokaa ya mawe iliyochomwa ambayo haijazimwa, kuwa mwangalifu mno: ikikutana na maji inachemka na kuruka, na ikiingia jichoni inapofusha. Miwani na glavu si hiari.

Mchanga ni muhimu kuliko watu wanavyodhani. Mchanga wa makorongo yetu mara nyingi una udongo. Tia mchanga kwenye chupa ya kioo, ongeza maji, tikisa, iache usiku kucha. Asubuhi utaona tabaka: mchanga chini, tope juu. Tope likiwa nene, osha mchanga au tafuta mwingine. Kipimo chetu ni ndoo 1 ya chokaa kwa ndoo 3 za mchanga wenye punje kali.

Lowesha ukuta kwanza. Piga tabaka jembamba, lisizidi unene wa kidole, liache likaze, kisha jingine. Na hapa ndipo Dodoma inapokuja na lake: upepo wetu na jua letu vinakausha plasta kwa saa chache, nayo chokaa haikazi kwa kukauka. Inakaza polepole kwa kuvuta hewa ya kaboni ikiwa na unyevu. Ikikauka haraka inapasuka na kuwa unga. Tulining'iniza magunia yaliyoloweshwa mbele ya kuta na kuyarushia maji asubuhi, mchana na jioni kwa siku 10. Kijana aliyekuwa na kazi hiyo tu ndiye aliyeokoa plasta yetu.

Mwisho paka chokaa nyepesi tabaka 4 au 5. Rangi ya mafuta na zile za plastiki usizilete, zitafunga vinyweleo vile vile.

Si nafuu kubomoa na kujenga ghorofa?

Kwa hesabu ya kila mita ya mraba, pengine ndiyo. Lakini hoteli mpya Dodoma ni nyingi, na nyingi zinafanana. Mgeni aliyelala kwenye ukuta wa mawe, akaamka na kukuta chumba kina ubaridi saa tano asubuhi ilhali nje jua linachoma, harudi kwingine. Hilo tumeliona kwa macho yetu. Na jengo likishabomolewa halirudi.

Naweza kuvunja kuta za ndani nipate vyumba vikubwa?

Bila mhandisi, hapana. Kwenye nyumba ya saruji na nondo, kuta nyingi za ndani ni za kugawa tu. Kwenye jengo la mawe, karibu kila ukuta umebeba kitu. Sehemu ya Beit al-Ajaib, lile Jumba la Maajabu la Zanzibar, iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020 ukarabati ukiendelea, na watu walipoteza maisha. Majengo haya yanaweza kusimama miaka na miaka yakiwa yamechoka ndani, kisha yakaanguka mara moja.

Sisi hatukuvunja ukuta hata mmoja. Tulitoboa milango 2, na kila mmoja mhandisi alitupangia lenta, ile boriti ya juu ya mlango, na nguzo za kushikilia kabla jiwe la kwanza halijatoka.

Kuna nyufa. Ni hatari?

Inategemea kama zinatembea. Bandika kipande chembamba cha kioo juu ya ufa kwa jipsamu, andika tarehe. Kioo kikipasuka, ufa uko hai, mwite mhandisi. Kikikaa msimu mzima wa mvua bila kupasuka, ufa umelala, ujaze kwa chokaa. Dodoma tuko kwenye ukanda wa Bonde la Ufa na ardhi hutikisika mara kwa mara, hivyo mwombe mhandisi aangalie pia jinsi kuta zilivyofungwa pamoja kwenye pembe na jinsi paa lilivyoshikwa na kuta. Kwetu alipendekeza vyuma vya kuvuta kuta, vinavyopita juu ya dari kutoka upande hadi upande.

Vipi kuhusu paa na mchwa?

Haya mawili ni swali moja hapa kwetu. Panda darini kabla ya kutazama bati. Gonga kila mbao ya kenchi kwa mpini wa nyundo, chomeka bisibisi kwenye ncha zinazoingia ukutani, maana ndiko mchwa wanakoanzia. Mbao za zamani za mninga au mkongo zikiwa kavu ni bora kuliko nyingi utakazouziwa leo. Kata sehemu iliyooza, unganisha kipande kipya, usitupe kenchi nzima.

Bati za zamani mara nyingi ni nene kuliko za sasa. Ukinunua mpya, kumbuka geji ndogo ndiyo bati nene: geji 28 ni nene kuliko geji 30. Dodoma ina upepo, usinunue nyembamba.

Kwa mchwa, piga dawa msingini kabla ya sakafu, na usiruhusu udongo wala maua kuegemea ukuta. Kila mwezi mtu apite na tochi kutafuta vile vijia vyao vya udongo.

Paa langu ni la asbesto.

Usilivunje, usilikate, usilitoboe na wala usilifagie kavu. Vumbi lake ndilo linaloua mapafu, miaka mingi baadaye. Wasiliana na NEMC kuhusu namna ya kuliondoa na kulizika. Mafundi wasipande bila barakoa zinazofaa, na shuka zake, yaani yale mabamba ya kuezekea, ziloweshwe maji na kushushwa nzima nzima. Kuna watu wanaomba hizo shuka wakaezekee mabanda ya kuku. Usiwape.

Kila chumba lazima kiwe na bafu ndani?

Wageni wa leo wanalitaka, na hatuwezi kuwalaumu. Ila bafu ndani ya ukuta wa kale ni kidonda kinachosubiri bomba livuje. Njia tuliyoichagua ni kujenga kando: upande wa uani tuliongeza safu nyembamba ya mabafu ya tofali, yenye msingi wake, iliyoachana na ukuta wa mawe kwa nafasi ya kupitisha hewa. Kila chumba kina mlango mmoja unaoingia humo. Mabomba yote yako kwenye jengo jipya. Na yeyote akiangalia anaona wazi kipi ni cha zamani na kipi ni cha leo, jambo ambalo Mkataba wa Venice wa 1964 kuhusu uhifadhi wa majengo unalisisitiza.

Maji yanatosha?

Mgawo upo, kwa hiyo akiba ni lazima. Sisi tunahesabu lita 120 kwa mgeni kwa siku, na tunaweka akiba ya siku 3. Kosa la kuepuka: kupandisha simtanki juu ya paa au ukuta wa kale. Tangi la lita 5,000 likijaa lina tani 5 za maji. Lijengee mnara wake uani. Maji yetu pia ni magumu, yanaacha utando mgumu wa chokaa kwenye hita na kwenye vichwa vya bafu. Safisha kila baada ya miezi michache.

Umeme na maji ya moto?

Ng'oa nyaya zote za zamani. Hapa hakuna cha kuhifadhi. Hita 8 za papo kwa papo zikiwashwa alfajiri kwa pamoja, kila moja ikila kilowati 4 au 5, laini ya kawaida haibebi, utahitaji fezi tatu. Sisi tuliweka hita za jua. Jua la Dodoma si la kuomba. Nyaya mpya zipite juu ya ukuta ndani ya mabomba ya chuma yaliyopangwa vizuri. Kuchimba mifereji kwenye ukuta wa mawe ni kuulegeza.

Kiyoyozi je?

Jaribu kwanza bila. Rudisha madirisha ya juu yaliyozibwa, rudisha shata za mbao, weka pangaboi. Ukuta wetu una unene wa sentimita 45, na joto la mchana linapofika upande wa ndani jua limeshazama, ndipo unafungua madirisha na ubaridi wa usiku unaingia. Vyumba 6 havina kiyoyozi na hakuna aliyelalamika. Viwili vilivyo upande wa magharibi vinacho, na mashine zake za nje ziko uani, chini, mbali na macho ya barabarani.

Milango na madirisha ya zamani tuyatupe?

Tafadhali usiyatupe. Shata zetu zilikuwa na matabaka ya rangi ya kijani, kijivu, maziwa, kijani tena. Tulipofika kwenye mbao tukakuta mninga mwekundu, alama za randa ya mkono bado zinaonekana ukipitisha kidole. Rangi za zamani zinaweza kuwa na risasi, hivyo usizipige msasa kavu wala kuzichoma kwa moto. Tumia dawa ya kulainishia na ukwangue zikiwa mbichi.

Sina jengo la mawe, nina tembe la babu. Linafaa kwa wageni?

Linafaa, na tunatamani watu wengi zaidi waulize hivi. Tembe la Wagogo, lenye paa bapa la udongo juu ya fito na nguzo, limebuniwa kwa nchi yenye mvua chache na jua kali. Ndani yake ni baridi mchana na vuguvugu usiku wa Julai. Adui yake ni kuachwa: paa na kuta vinahitaji kukandikwa upya kila mwaka kabla ya mvua. Waite kina bibi kijijini wanaojua kukandika, uwalipe kama mafundi, kwa sababu ni mafundi. Unaweza kuficha turubai zito la plastiki chini ya udongo wa paa na kulipa mwinamo kidogo. Choo na bafu vikae nje kabisa. Dirisha moja liongezwe, si matatu.

Bajeti iweje?

Mkadiriaji majenzi akikupa hesabu, tenga robo nyingine pembeni. Sisi tulitenga sehemu moja ya kumi na ikaisha kabla ya paa.

Wageni wenyewe wanatoka wapi?

Bunge linapokutana, hasa bajeti kati ya Aprili na Juni, mji unajaa. Kuna mahafali ya vyuo, semina za wizara, na tangu treni ya SGR, ile reli ya kisasa, ianze safari za Dar es Salaam hadi Dodoma mwaka 2024 tunapata watu wa mwisho wa juma. Wengine hulala kwetu wakielekea Kolo kuona michoro ya miambani ya Kondoa, iliyoingia kwenye Urithi wa Dunia 2006. Panga ukarabati mkubwa uishe kabla ya Aprili.

Mtu mwenye kiti cha magurudumu ataingiaje, baraza likiwa juu?

Kwa njia ya mteremko, sentimita 12 za urefu kwa kila sentimita 1 ya kupanda. Yetu ni ya mbao, imefungwa kwa boliti pembeni mwa baraza, na ngazi za mawe ziko pale pale chini yake kama zilivyokuwa.

Tunaweza kuja kuangalia ukuta?

Karibuni. Tumeacha kipande kimoja bila plasta, nyuma ya meza ya mapokezi, ukubwa wa mlango. Mawe yanaonekana, chokaa ya zamani inaonekana, na upande wa kushoto imebaki ile mistari ya patasi tuliyoipiga wakati wa kung'oa saruji. Wapigapicha wanaomba tuizibe. Hatujaiziba, kwa sababu mafundi wanaokuja hapo huigusa kwanza kabla ya kuuliza lolote.